Kopo Moja, Vichwa Viwili

Kaka wa marehemu alikuwa amekalia benchi lilelile, nje ya mlango wa Inspekta, tangu walipomaliza kuzika. Hakuwa mkorofi. Hakupiga kelele wala kumtisha mtu. Alikuja asubuhi kama mwajiriwa, akavua kofia, akaiweka gotini, akasubiri. Kila Inspekta alipopita, alisimama na kuuliza jambo moja: yule msusi atapelekwa lini mahakamani?

"Kesho," Inspekta alimjibu siku hiyo. "Asubuhi, mbele ya hakimu. Mwendesha mashtaka ameshaandika. Kuua bila kukusudia."

Kaka mtu alishusha pumzi, akanyoosha mkono kushukuru. Inspekta aliupokea. Ulikuwa mkono wa ajabu kwa mtu aliyevaa shati lililopigwa pasi vile: ncha za vidole zilikuwa nyeupe, kavu, zimepasuka kama tope la kiangazi. Siku ya kwanza alipotoa maelezo, kwenye nafasi ya kazi alisema "biashara", na Inspekta hakuuliza biashara gani. Nani humwuliza mfiwa anauza nini?

Kituoni walimwita Inspekta huyo Kipara, naye aliitika. Kichwa chake kiliachana na nywele zamani, vikaachana kwa amani, na tangu akabidhiwe jalada hili la saluni kila askari alikuwa na utani wake. Mmoja alimwachia kitana mezani. Kipara alikikorogea chai, akakirudisha kwa mwenyewe bila kukiosha.

Jalada lenyewe halikuwa na utani. Mwalimu wa chekechea aliingia saluni akitembea, akaomba awekwe dawa ya kulainisha nywele. Akatoka amebebwa, kichwa kimefungwa taulo la maji baridi. Dawa ilikuwa imemchoma utosini na kisogoni. Daktari aliandika kwamba chini ya nywele zilizoyeyuka ngozi ilikuwa imevuka kama ganda la nyanya iliyomwagiwa maji ya moto. Kidonda kikaingia wadudu, wadudu wakaingia damuni. Hakumaliza wiki.

Na chini ya sinki la saluni hiyo, askari waliotangulia walikuta kopo la kostiki, ile soda kali inayokula mpaka kucha. Mwendesha mashtaka alikuwa ameshiba hapo hapo. Msusi alitaka dawa ishike haraka, akaiongezea makali. Kesi ilikuwa imejipika yenyewe, imebaki kupakuliwa.

Kipara hakupenda chakula kinachojipika.

"Koplo," aliita, "chukua funguo. Twende saluni."

Koplo, mwanamke mwenye mabutu yaliyobanwa chini ya kofia ya kazi, alizichukua bila kucheka. "Wewe ukatengenezwe nini, afande? Masikio?"

*

Saluni ilikuwa chumba kimoja kirefu: viti vitatu vya kuzunguka, madrai mawili ya kukaushia nywele yaliyoinamisha vichwa kama waliofiwa, kioo chenye ufa, na ukutani picha za wanawake wenye nywele zinazong'aa ambao mtaani hapo hakuna aliyewahi kuwaona. Aliyewafungulia ni mwanamke aliyepaka watu rangi za kucha kwenye meza ndogo karibu na mlango. Wateja walimwita Bi Kucha. Alisimama pembeni, mikono nyuma, kama mgeni katika chumba alichokifagia kila siku.

Kipara alikwenda moja kwa moja kwenye sinki, akavua koti, akalala chali chini yake, akaomba spana. Bi Kucha alimwambia kwa upole kwamba hapo wenzake walishapekua.

"Wenzangu walipekua makopo," sauti yake ilitoka chini. "Mimi napekua bomba."

Kiwiko cha bomba kililegea. Maji meusi yalimwagika kwenye beseni, kisha kikateleza kitu kama panya aliyekufa maji: kamba nene ya nywele za vichwa vya mtaa mzima, nusu yake imeyeyuka ikawa ute mweupe. Koplo alirudi nyuma hatua. Kipara alichovya kwenye ute kipande cha karatasi ya kupimia alichoomba maabara. Kiligeuka buluu iliyokolea.

"Nani alimwaga kostiki humu?"

"Mimi," alisema Bi Kucha. "Kila bomba linapoziba. Saluni isiyo na kostiki inaogelea, afande."

"Mbona hukusema?"

"Waliingia, wakaona kopo, wakatoka nalo wakikimbia. Ningesema na nani?"

Kipara aliketi sakafuni, miguu mbele, maji meusi yakimchuruzika kwenye mkono wa shati. Basi kostiki ilikuwa ya bomba. Hilo lilibomoa nusu ya kesi, nayo nusu iliyobaki ilitosha kumzika mtu. Dawa ilimchoma mwalimu, kwa kostiki au bila kostiki, na aliyeipaka anajulikana. Hakimu angesema huo ni uzembe. Rumande ni ileile, mlango ni uleule.

Bi Kucha alimpa kitambaa ajifute. Ncha za vidole vyake zilikuwa nyeupe, kavu, zimepasuka. Kipara aliviangalia kuliko adabu inavyoruhusu.

"Hiyo nayo ni kostiki?"

"Hii?" Alivikunja kwa haya. "Asetoni. Ya kufutia rangi ya kucha. Inanyonya mafuta ya ngozi mpaka karatasi inaniponyoka mkononi. Nikilala napaka mafuta, nikiamka niko vilevile."

Asubuhi ileile Kipara alikuwa ameshikana mkono na vidole kama hivyo. Mwanamume anaweza kushika asetoni kwa sababu nyingi: apakaye magari rangi huishika, agundishaye plastiki huishika. Alikunja kitambaa, akamwuliza Bi Kucha makopo ya saluni hununuliwa wapi.

Bi Kucha alieleza kwamba kuna mchuuzi wa begi aliyepita saluni kwa saluni, mwanamume mcheshi, mwenye bei nzuri. Koplo alidakia kwamba huyo ameshamtafuta. Tangu mwalimu afariki, mchuuzi alizima simu, akafunga chumba alichopanga, akayeyuka kama sukari. Alikonunua yeye, hakuna aliyejua. Uzi ulikatikia hapo.

*

Walipomtoa msusi kumhoji alikuwa na mtoto kila titi. Watu walimwita Mama Pacha, na mtu hakuhitaji kuuliza kwa nini. Mamamkwe wake aliwaleta wale watoto asubuhi na jioni wanyonye, akikaa pembeni na kanga begani akiwahesabia mafunda.

"Kesho mnampeleka rumande," bibi alimwambia Kipara, bila hasira. "Ni safari ya kutwa. Maziwa hayatumwi kwa basi, baba."

"Najua, mama."

"Ukijua inatosha?"

Kipara akageukia kazi. Hakumwuliza Mama Pacha habari za kostiki. Alimwomba aeleze, tangu mwanzo, jinsi anavyofungua kopo jipya la dawa.

Mama Pacha alimkabidhi mkwewe mtoto mmoja, akakunja mkono wa gauni. Upande wa ndani wa mkono, juu kidogo ya kifundo, palikuwa na safu ya alama ndogo zilizofifia, kama punje za mchele zilizopandwa mstarini. Kila kopo jipya, alisema, hulijaribu hapo kwanza. Anapaka kidogo, anangoja, anafuta. Ikimuuma upesi, kopo hilo halimgusi mteja, linarudi lilikotoka. Ngozi yake ndiyo mlinzi wa mlango.

"Na hili la mwalimu?"

Alionyesha mwisho wa safu. Hapakuwa na kitu. Ngozi ilikuwa safi.

"Halikuniuma hata kidogo. Nikasema hii ni ya upole, itamfaa mtu wa mara ya kwanza."

"Ulipolifungua ulilikoroga?"

Alimtazama kama aliyeulizwa kama mchele huoshwa kwa sabuni. "Kopo halikorogwi. Aliyenifundisha alinigonga vifundo vya vidole kwa kitana kwa sababu hiyo. Ukikoroga unaingiza upepo, na dawa ikiingia upepo imekufa. Unachota juu kwa juu, unashuka nayo."

"Huko juu ilikuwaje?"

"Nyepesi. Ina mafutamafuta. Nilidhani ni joto."

"Mwalimu ndiye alikuwa wa kwanza kwa kopo hilo?"

Hapana, alisema. Wa kwanza alikuwa fundi cherehani wa barabara ya nyuma, siku moja kabla. Mama huyo alirudi akilalamika kwamba dawa haikushika.

"Kwa hiyo ulipofika kwa mwalimu, ulikuwa unachota wapi?"

Mtoto aliachia titi, akalitafuta, akaanza kulia.

"Chini," alisema Mama Pacha.

Mengine aliyaeleza taratibu, macho sakafuni. Mwalimu hakuwahi kuweka dawa maishani. Nywele zake zilikuwa nyingi, ngumu, nzuri, na kaka yake alimwita Kichaka tangu wakiwa watoto. Jumapili alikuwa anakwenda kula kwake. Alisema amechoka, leo Kichaka kinafyekwa, anataka amwone kaka yake akikosa la kusema. Alicheka kitini muda wote, mpaka alipoacha kucheka. Aliposema inawaka, Mama Pacha alimwinamisha sinkini palepale, akammwagia shampuu bila hata kusubiri kuifungua vizuri.

"Maji yalitoka na ngozi," alisema.

*

Fundi cherehani alikuwa kwenye kibaraza chake, sindano mdomoni, akishona sare za shule. Kipara alipojitambulisha alimwangalia kichwa, kisha miguu, kisha kichwa tena.

"Wewe ndiye wamekutuma kwa mambo ya nywele?"

"Waliona sitapendelea upande wowote."

Fundi alitoa sindano mdomoni, akacheka kidogo, kisha akakumbuka aliyekufa, akajifunika mdomo. Alifungua kilemba. Nywele zilikuwa zimelala kidogo kwenye paji la uso na kusimama kwingine kote, kama jogoo aliyenyeshewa.

"Ilikaa kichwani mpaka nikasinzia," alisema. "Haikuwasha, haikuuma, haikufanya kazi. Nikamwambia Mama Pacha, mwenzangu, umenipaka mafuta ya kupikia. Nilimgombeza kweli." Aliirudisha sindano kwenye kitambaa mara mbili bila kupata pa kuichoma. "Lilikuwa ni kopo hilohilo?"

"Hilohilo."

"Basi ningechelewa siku moja tu, ningekuwa mimi."

Kipara hakumkatalia.

Waliporudi kwenye gari Koplo alitaka kuwasha, Kipara akamzuia mkono. Kopo moja, alisema, vichwa viwili. Cha kwanza hakikuhisi kitu, cha pili kimeungua hadi kufa. Mtu angeongeza kostiki baada ya fundi kuondoka? Kwa nini, wakati ana mteja wa mara ya kwanza na alifurahi kwamba dawa ni ya upole? Hapana. Dawa iliyo nzima ni moja, juu mpaka chini. Hii ilikuwa imeachana: mafuta yamepanda, makali yametuama. Fundi alipakwa mafuta, mwalimu akapakwa makali, na mlinzi wa mlango alijaribu ghorofa ya juu wakati mwizi amelala chini.

"Dawa huachana ikizeeka," alisema Koplo. "Lakini ya kwetu si nzee, afande. Nimeisoma tarehe kwa macho yangu. Ina mwaka mzima na zaidi mbele."

"Ndiyo maana," alisema Kipara, "nataka kuisoma kwa macho yangu."

*

Katika chumba cha vielelezo alifunga pazia, akalilaza kopo kifudifudi mezani, akawasha tochi na kuishika chini kabisa, sambamba na meza, mwanga ukilamba plastiki kwa ubavu. Kitako cha kopo kilikuwa na vijishimo kama ganda la chungwa. Isipokuwa sehemu moja. Pale penye tarehe, plastiki ilikuwa laini, inang'aa, kama sakafu mbele ya mlango wa bosi. Juu ya mng'ao huo tarehe mpya ilikaa, nyeusi, imeinama kidogo upande. Chini yake, kwenye mwanga wa ubavu, zilionekana tarakimu nyingine zilizofifia, kama jina kwenye ubao uliofutwa vibaya. Koplo alizisoma kwa sauti, akasita, akazisoma tena. Kopo hilo lilikuwa limekufa miaka mitatu kabla ya mwalimu.

Kwenye mfuniko palikuwa na kile kijipicha cha kopo lililo wazi chenye namba ya miezi ndani yake. Kipara alikigonga kwa kucha. Bidhaa hizi zina umri wa aina mbili, alisema, kama mtu: mmoja ni wa kukaa kwao zimefungwa, mwingine unaanza kuhesabiwa siku zinapofunguliwa. Hili lilifunguliwa likiwa maiti.

Alichukua chupa ya shampuu iliyotumika siku hiyo, akaizungusha chini ya tochi. Mng'ao uleule kitakoni. Akaifungua, akanusa, akamsogezea Koplo. Ilinuka maji ya maua yaliyosahaulika. Dawa inayozuia kuvunda ilikuwa imechoka zamani. Ndani waliishi wadudu, na wadudu hao walimwagwa juu ya kichwa kisicho na ngozi. Daktari aliuliza walitoka wapi. Basi, hapo.

"Afande," alisema Koplo. "Hii ni nini?"

Alikuwa amepitisha kidole chini ya ukingo wa mfuniko. Palikuwa na nukta moja nyekundu, ndogo kuliko dengu, imeinuka kidogo. Kwenye chupa ya shampuu, mahali palepale, nyingine. Koplo aliikwaruza kwa kucha. Haikutoka.

"Rangi ya kucha," alisema.

Rangi ya kucha, na asetoni ya kufutia. Bi Kucha alikuwa na vyote viwili mezani kwake, na Kipara alilipima hilo. Lakini mtu anayefuta tarehe za makopo ya kuuza hafuti moja, hufuta ghala. Bi Kucha alikuwa na meza ya futi mbili. Na ya nini kuweka alama? Mwizi haweki alama kwenye mali ya wizi kwa ajili ya mnunuzi. Anaiweka kwa ajili yake mwenyewe, ili asije akachanganya.

Kipara alizima tochi. Alimwambia Koplo atafute bahasha yenye hereni na kitambaa cha marehemu. Ni desturi ya kazi kurudisha vitu kwa familia, na familia hutia saini.

*

Nyumbani kwa kaka wa marehemu walikuwa wanarudisha viti vya msiba. Mke wake aliwakaribisha, akaomba radhi kwamba mwenye nyumba yuko huko huko kituoni, hali, halali, mpaka haki ipatikane. Alipopokea hereni za wifi yake alizibana kifuani, akalia bila sauti, kisha akajipangusa na kurudi kukunja mashuka yaliyotumiwa na wageni.

Kipara aliomba maji ya kunawa, akaonyeshwa bafu. Kwenye rafu palikuwa na kopo la dawa ileile, rangi ileile, mfuniko uleule. Aliligeuza. Kitako kilikuwa na vijishimo kote kama ganda la chungwa. Alipitisha kidole chini ya ukingo. Hapakuwa na nukta.

Alipotoka, Koplo alikuwa amevua kofia na kushika ncha ya shuka, wakikunja pamoja. Alikuwa akilalamika habari za nywele zake: dawa aliyonunua majuzi ilimwasha nusura akimbie saluni na povu kichwani.

"Ilikuwa na nukta?" aliuliza mke wa kaka.

"Nukta gani?"

"Nyekundu, huku chini ya mfuniko." Alionyesha kwa kidole hewani. "Mwenzangu, ukiona nukta usiiguse. Zile ni za wateja. Mume wangu ametukataza kabisa, mimi na mama yake. Hata mama, uzee ule na macho yale, kabla hajapaka mafuta anapapasa kwanza mfuniko."

Koplo aliendelea kukunja. Kipara ndiye aliyeuliza, akiwa bado mlangoni, mikono imelowa:

"Na marehemu alikuwa anajua habari ya nukta?"

"Wifi? Ya nini? Wifi hakuwa mtu wa dawa kabisa, yeye na kichwa chake..."

Hakumaliza. Alimtazama Kipara, akamtazama Koplo, akaitazama kofia ya askari juu ya kiti. Shuka lilimtoka mkononi upande mmoja, likabaki limeshikwa na Koplo peke yake.

Koplo aliliweka chini, akamshika mkono akamkalisha kwenye kiti kimojawapo cha msiba, kilichokuwa bado hakijarudishwa.

*

Hati ya upekuzi ilipatikana mchana. Ghala, ambalo mke wa kaka aliwaelekeza, lilikuwa nyuma ya duka la jumla lililoandikwa jina la mtu mwingine. Koplo aliingia na askari, akakuta mabeseni ya pamba iliyotumika, madumu ya asetoni, mhuri wa tarehe wenye tarakimu za kuzungusha, na maboksi mpaka darini. Makopo mengine yalikuwa yamevimba. Kwenye dirisha ilisimama chupa ndogo ya rangi ya kucha, nyekundu, kibrashi kimekaukia ndani. Alipiga simu kituoni, akayaeleza hayo, halafu akafungua mdomo kuanza methali ya mchimba kisima. Kipara alimwambia arudi aje amtoe Mama Pacha.

Kisha akafungua mlango wa ofisi. Kaka wa marehemu alisimama, kofia mkononi.

"Ingia," Kipara alisema. "Kaa."

Alikaa. Aliuliza kama kesho ni saa ile ile. Kipara alisema ndiyo, hakimu atakaa saa ile ile, mtu atapelekwa. Kisha akatoa kopo kwenye mfuko wa kielelezo, akaliweka mbele yake.

"Hili ndilo lililomuua. Hujawahi kuonyeshwa. Shika."

Mwanamume alilitazama. Uso wake haukubadilika. Alikuwa ameyaona makopo ya namna hiyo kama mwokaji anavyoona mikate. Alilichukua kwa mkono wa kulia, na kidole gumba, chenyewe, bila kutumwa, kikateleza chini ya ukingo wa mfuniko.

Kikasimama.

Nje, kwenye ukumbi, ilisikika sauti ya bibi akiwabembeleza watoto, na funguo za Koplo.

"Hapana," alisema kaka mtu.

Kipara alingoja.

"Yeye alikuwa hatumii dawa."

"Alikuwa hatumii."

"Mke wangu nilimwambia. Mama nilimwambia. Shemeji zangu wote niliwaambia." Alikuwa akizungumza na kopo. "Yeye hakuwa na haja ya kuambiwa. Alikuwa na nywele zake tu. Maisha yake yote alikuwa na nywele zake."

"Wateja uliwaambia?"

Mlango wa selo ulifunguliwa, na safari hii haukusikika ukifungwa. Mama Pacha alisema kitu kwa sauti ndogo, mamamkwe akamjibu twende mwanangu, jua linazama. Kaka mtu alizisikia nyayo zikipita mbele ya mlango, nyayo za mwanamke ambaye yeye mwenyewe alikuja kumngojea kila siku, na hakuinua kichwa.

"Kwa nini aliweka?" aliuliza mwishowe. "Kitu gani kilimtuma?"

Kipara alikuwa na jibu. Alilitazama dirisha, akapangusa kipara chake kwa kiganja, polepole, toka mbele mpaka nyuma. Angeweza kusema hajui. Lakini mahakamani Mama Pacha angesimama shahidi, na angeulizwa, na mtu huyu angelisikia mbele ya watu.

"Alisema unamwita Kichaka," alisema. "Jumapili alikuwa anakuja kwako. Alitaka akuone ukikosa la kusema."

Mwanamume alifungua mdomo, akabaki hivyo. Kisha akaanza kukwaruza ile nukta kwa ukucha wa kidole gumba, kwa haraka, kichwa kimeinama, kama mtu aliyemwaga kitu nyumbani kwa watu. Ukucha uliokaushwa na asetoni ulipasuka. Aliendelea kwa kidole kingine. Alikuwa amefuta tarehe za ghala zima, lakini hapa hakuwa na pamba wala chupa, na rangi ilikuwa nzuri, imeshika.

Kipara alimwacha akwaruze mpaka Koplo alipoingia na pingu.